Kisa cha Robin Friday: Reading walimlea, Cardiff walimnunua

Mwishoni mwa Desemba 1976, Jimmy Andrews, meneja wa Cardiff City ya Wales, alianza kazi na straika wake mpya kwa kwenda kumtoa mikononi mwa polisi wa reli. Kijana alikuwa ametoka Reading, mji wa England ulio magharibi mwa London, kwa treni, safari ya zaidi ya kilomita 150, na mfukoni ana tiketi ya kusindikizia tu, ile ya bei ya karanga ambayo enzi hizo Uingereza ilikuruhusu kuingia stesheni, umuage mgeni wako, kisha urudi nyumbani. Yeye akapanda nayo behewa. Alipofika Cardiff akadakwa.

Andrews alikuwa amelipa takriban pauni 30,000 na alijiona amelamba dume. Siku chache baadaye, tarehe 1 Januari 1977, mtu wake akaingia uwanjani Ninian Park kwa mara ya kwanza, dhidi ya Fulham. Beki wa kati wa Fulham alikuwa Bobby Moore, yule yule aliyenyanyua Kombe la Dunia 1966. Cardiff walishinda 3-0. Mgeni alifunga mawili, na kwenye purukushani za eneo la hatari akapata wasaa wa kumminya Moore sehemu nyeti. Uwanja ukalipuka. Mashabiki wakajua wamepata mtu.

Desemba iliyofuata mtu huyo alikuwa ameacha soka. Alikuwa na miaka 25.

Robin Friday husimuliwa kama kichekesho. Mlevi mwenye kipaji, mkorofi, mwenye nywele ndefu na tusi mdomoni, na kila anayesimulia huongeza chumvi yake. Vichekesho vipo na nitavigusa, maana bila hivyo mtu huyu haeleweki. Lakini mimi kisa chake nakisoma kama kisa cha usajili. Kwa nini aliharibikiwa Cardiff halinishughulishi sana, jibu lake mtoto yeyote analo. Linalonisumbua ni kwa nini hakuharibikiwa Reading kwa karibu miaka mitatu, ilhali mtu ni yule yule, pombe ni ile ile, na ligi ilikuwa ngumu zaidi kwa miguu kuliko ile aliyoendea.

Bidhaa ya pauni 750

Alizaliwa Acton, magharibi mwa London, Julai 1952, yeye na pacha wake. Utotoni alipita kwenye vikosi vya watoto vya Crystal Palace, Queens Park Rangers na Chelsea, na kote huko hakukaa. Akiwa na miaka 16 wizi ulimpeleka Feltham, gereza la vijana, akakaa miezi 14. Hapo ndipo kuna jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita mbio: akiwa bado mfungwa, aliruhusiwa kutoka kwenda kucheza na timu ya vijana ya Reading. Yaani klabu iliyokuja kumlipia miaka kadhaa baadaye ilikuwa imeshamwona akiwa na namba ya gereza.

Alipotoka alioa, akiwa na miaka 17, msichana mweusi. London ya wakati ule haikuwa na subira na ndoa za namna hiyo, na mtaani walitukanwa. Mchana alifanya vibarua vya kupiga plasta na kumwaga lami kwenye mapaa. Jumamosi alicheza soka la ridhaa, kwanza Walthamstow Avenue, kisha Hayes. Neno ridhaa lisikudanganye. Pesa zilipita chini ya meza kama zinavyopita kwenye soka letu la mchangani, na kwa mwenye familia posho ile ilikuwa na maana.

Mwaka 1972 alianguka kutoka kwenye jukwaa la mafundi akiwa kazini, akatua juu ya nondo yenye ncha. Ikaingia kwenye kalio na kupanda ndani ya mwili, ikakaribia pafu. Alijichomoa mwenyewe. Miezi michache baada ya upasuaji alikuwa amerudi uwanjani, na msimu huo huo Hayes, timu ya vibarua, wakawatoa Bristol Rovers kwenye Kombe la FA, halafu wakakutana na Reading. Mechi ya kwanza, Elm Park, uwanja wa Reading, ikaisha 0-0. Reading wakashinda ya marudio 1-0. Kwenye benchi la Reading alikuwa amekaa meneja wao, Charlie Hurley, na macho yake yalikuwa kwa mshambuliaji wa wageni.

Kuna hadithi ya Hayes ambayo naiamini kwa sababu inalingana na kila kitu kingine. Siku moja timu ilianza mechi na watu kumi kwa sababu Friday alikuwa baa. Alifika mechi ikikaribia kwisha, amelewa chakari, wakamwingiza hivyo hivyo. Wapinzani wakamdharau, wakaacha kumkaba. Akafunga bao la ushindi.

Januari 1974 Hurley alilipa pauni 750. Kwa kipimo cha soka la kulipwa ilikuwa hela ya kununulia jezi na mipira.

Alichokifanya Hurley

Inafaa kumjua Hurley kidogo. Alikuwa Mwailandi, beki wa kati aliyetawala Sunderland kiasi kwamba klabu hiyo ilipotimiza miaka mia, mashabiki walimchagua mchezaji wao wa karne. Beki wa aina hiyo anajua kitu ambacho makocha wengi hujifunza vitabuni: anajua ni straika gani anayemkosesha usingizi usiku wa kuamkia mechi. Anakumbuka sura zao.

Mechi ya kwanza ya Friday ilikuwa ugenini Northampton, 27 Januari 1974, sare ya 3-3. Ilichezwa Jumapili, jambo geni kabisa. Majira yale ya baridi Uingereza ilikuwa na mgao mkali wa umeme, taa za viwanjani zilibanwa, na mechi za ligi zikaanza kuingizwa Jumapili kwa mara ya kwanza. Friday alicheza akiwa bado mchezaji wa ridhaa. Siku chache baadaye akasaini mkataba wa kulipwa, na mechi yake ya kwanza nyumbani akawafunga Exeter City mabao mawili.

Mazoezini ilikuwa kasheshe. Friday hakujua kitu kinachoitwa mazoezi mepesi. Aliwapiga njumu wenzake wakongwe, akawaparamia, akawaangusha, mpaka Hurley akamtoa nje asije akabaki bila timu ya Jumamosi. Hebu fikiria uko kwenye nafasi yake. Una mtu ambaye ana kipaji kuliko wote kikosini, katoka gerezani, anakunywa, anavuta bangi, usiku halali usingizi, na siku ya kwanza ameumiza wenzake. Kitabu cha ukocha kinasema weka sheria, tena weka mapema.

Hurley hakuweka. Nimelifikiria sana jambo hili na sidhani ulikuwa udhaifu. Aliamua kwamba mtu huyu anatengenezewa mazingira, na sheria kwake ni maneno tu. Klabu ikamtafutia nyumba jirani na mzee aliyekuwa mtunza uwanja, mstaafu, ili jicho la mtu mzima liwe karibu. Haikusaidia sana kwa upande wa kelele, maana muziki ulipigwa mpaka usiku wa manane na mzee wa watu akala hasara ya usingizi. Lakini klabu ilijua mtu wao amelala wapi, kama amelala. Majira ya joto 1974 akatoweka, akaenda kuishi na mahipi Cornwall, akarudi maandalizi ya msimu yameshapita. Meneja mwingine angempiga faini au angemuuza. Hurley alimpa jezi, na kijana akakimbia kuliko waliofanya mazoezi wiki zote.

Ukubali kwamba kulikuwa na hesabu ndani yake. Ligi Daraja la Nne ya Uingereza ilikuwa ngazi ya mwisho kabisa ya klabu 92 za kulipwa. Viwanja vya matope, mabeki waliokuja kuvunja, marefa waliovumilia. Friday alicheza humo bila vikinga ugoko. Alikabwa na watu wawili, watatu, akapigwa kila mechi, akaamka. Alikuwa na chenga na kanzu za mchezaji wa kiwango cha juu, lakini kilichomfanya awe na thamani ni kwamba alirudi nyuma kupokonya mpira kama kiungo mkabaji. Wachezaji wenzake walimsamehe usiku wake kwa sababu ya mchana wake. Hilo meneja hawezi kuliagiza, linatokea au halitokei. Reading lilitokea.

Kwenye takwimu, kwa mashindano yote alicheza mechi 135 Reading na kufunga mabao 53. Misimu miwili mfululizo, 1974-75 na 1975-76, alikuwa mfungaji wao bora na mchezaji wao bora wa mwaka. Siku moja alifunga bao la dakika za mwisho, akakimbilia nyuma ya goli na kumbusu polisi aliyekuwa kazini. Baadaye, inasimuliwa, alisema anajuta kwa sababu yeye hapendi polisi hata kidogo.

Mabao 53 kwa mechi 135 ni kama bao moja kila mechi mbili na nusu. Nzuri, nzuri sana kwa mtu anayecheza pia kazi ya kiungo. Lakini sehemu kubwa ni daraja la nne. Wanaomweka Friday sahani moja na George Best wanaongozwa na mapenzi. Ushahidi wa kiwango cha juu tulio nao ni miezi michache ya daraja la pili kule Cardiff, basi. Nasema hivi nikiwa mmoja wa wanaompenda.

Bao lisilo na mkanda

Jumatano, 31 Machi 1976, Elm Park, Reading dhidi ya Tranmere Rovers, timu zote mbili zikiwania kupanda. Reading walishinda 5-0. Bao moja kati ya hayo ndilo linalobeba jina la Friday mpaka leo, na hakuna kamera iliyolipiga.

Maelezo ya waliokuwepo yanakubaliana kwa yaliyo makubwa. Mpira mrefu ulimjia akiwa mbali na goli, amelipa mgongo. Akautuliza kwa kifua, haukugusa nyasi, akageuka huku akiupiga hewani kupitia begani kwake. Ukaenda kujaa pembe ya juu. Wanapotofautiana ni umbali: wengine mita 25, wengine zaidi ya 30, na kila muongo ukipita naona goli linazidi kusogea mbali.

Refa alikuwa Clive Thomas wa Wales. Huyu ndiye refa ambaye miaka miwili baadaye, kwenye Kombe la Dunia Argentina, alipuliza kipenga cha mwisho kona ya Brazil ikiwa angani, akalikataa bao la kichwa la Zico dhidi ya Sweden. Kwa maneno mengine, mtu asiyebabaishwa na ukubwa wa tukio. Usiku ule wa Reading, Thomas alishika kichwa kwa mikono yote miwili. Baada ya mechi alimwambia Friday kwamba hajapata kuona bao zuri kama lile. Friday akamjibu kwamba basi inabidi aje huku mara nyingi zaidi, yeye hufanya vile kila wiki.

Kwangu mimi uzito wa bao hili kwenye uchambuzi si uzuri wake. Ni kwamba soko halikuliona. Hakukuwa na picha za video za kuzungusha, hakukuwa na wakala wa kutuma vipande kwa simu. Klabu kubwa iliyotaka kumjua Friday ilikuwa na njia mbili: kumtuma mtu akae jukwaani Elm Park, au kusikiliza maneno. Maneno yalikuwa mengi, na yale ya baa yalisafiri haraka kuliko yale ya uwanjani.

Reading wakamaliza wa tatu na kupanda daraja, kwa mara ya kwanza tangu 1926. Miaka hamsini. Pauni 750 zilikuwa zimefanya kazi yake.

Majira ya joto ya 1976

Hapa ndipo kisa kinapogeuka, na kinageukia nje ya uwanja. Agosti 1976 Friday alioa mara ya pili. Harusi yenyewe ikawa gumzo la mji: bwana harusi aonekana kwenye ngazi za kanisa akisokota bangi, wageni wakapigana ngumi, zawadi zikaibwa. Unaweza kucheka. Hurley hakucheka. Alichokiona ni kwamba ule mpango wake wa kumzungushia mtu mazingira ulikuwa na mpaka, na mpaka umevukwa. Dawa za kulevya zilikuwa zimezidi pombe. Kijana akarudi msimu mpya, daraja la tatu sasa, mwili hauko sawa, na ndani ya klabu kulikuwa na manung'uniko ya malipo baada ya kupanda.

Hurley akamuuza Desemba. Baadhi ya mashabiki hawakumsamehe. Mwezi wa pili 1977 yeye mwenyewe akajiuzulu, na mwisho wa msimu Reading wakashuka kurudi walikotoka. Kwa hiyo usidhani Hurley alifanya biashara ya ujanja akabaki anachekelea. Alipoteza straika, kisha kazi, na timu ikashuka. Ila alijua anauza nini.

Je, Andrews alijua ananunua nini?

Itazame bei. Mwaka 1977 Kevin Keegan alikwenda Hamburg kwa pauni 500,000, na Liverpool wakamleta Kenny Dalglish kwa 440,000. Najua hao ni watu wa kilele, na Cardiff hawakuwa duka la aina hiyo. Lakini straika wa miaka 24, mfungaji bora misimu miwili mfululizo, anauzwa kwa 30,000 na klabu inayoelekea kushuka na inayomhitaji kuliko mtu yeyote? Bei ya namna hiyo inaongea. Inasema kuna kitu mwenye mali anataka kukitoa nyumbani kwake. Andrews aliisikia kama rahisi. Waswahili tuna neno la vitu rahisi na sina haja ya kulirudia hapa.

Ninian Park

Baada ya Fulham mambo yaliharibika taratibu. Friday hakuhamia Cardiff kwa maana halisi ya kuhamia. Kati ya mechi na mechi alikuwa anapotea, siku kadhaa hajulikani aliko, kisha anatokea siku ya mchezo. Reading alikuwa na mzee wa jirani, alikuwa na meneja aliyemjua tangu Hayes, alikuwa na wenzake waliozoea njumu zake. Na alikuwa karibu na London, jioni akitaka kwenda Acton anakwenda na asubuhi yupo. Cardiff alikuwa na mkataba.

Kilele chake kule ni 16 Aprili 1977, dhidi ya Luton Town. Alimrukia kipa Milija Aleksic kwa mguu wa juu, faulo ikapulizwa. Friday akanyoosha mkono kuomba radhi, Aleksic akaukataa kwa hasira. Mpira ukaanzishwa, Friday akaupora, akamzunguka kipa, akafunga, kisha akamgeukia Aleksic na kumwonyesha vidole viwili, mgongo wa mkono ukimwelekea. Kwa asiyejua: Uingereza ishara hiyo ikigeuzwa hivyo ni tusi, haina uhusiano na ushindi wala amani. Mpiga picha aliinasa. Picha hiyo, mtu mwenye nywele ndefu akitukana kwa vidole huku kipa amekaa chini, ndiyo watu wengi wanayoijua kuliko bao lolote lake. Cardiff walishinda 4-2, na mwisho wa msimu waliponea chupuchupu kushuka. Tuwe wakweli: mabao yake yalichangia kuwaokoa. Hata usajili mbaya huwa na siku zake.

Majira ya joto 1977 aliugua, akalazwa, akapungua mwili kiasi cha kutisha. Alirudi mwishoni mwa Oktoba, ugenini Brighton. Aliyemkaba alikuwa Mark Lawrenson, beki kijana aliyekuja kutamba na Liverpool. Lawrenson alimkaba vizuri mno. Friday akampiga teke usoni na kutolewa nje kwa kadi nyekundu, kifaa ambacho kwenye ligi ya Uingereza kilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Kuna nyongeza maarufu kwamba aliingia chumba cha Brighton na kujisaidia kwenye begi la Lawrenson. Sijui ni nani aliyesimama mlangoni kushuhudia. Mimi naiweka kwenye kapu moja na zile mita za bao la Tranmere.

Cardiff walifungwa 4-0. Hakuichezea tena. Desemba alimwendea Andrews na kumwambia ameacha, amechoka kuambiwa afanye nini. Mkataba ukavunjwa.

Lawama zigawanywe

Wengi hufunga jalada hapa kwa kusema alijiharibia mwenyewe. Sibishani. Hakuna aliyemnywesha wala kumvutisha. Lakini mchambuzi anayeishia hapo hana alichochambua, maana Friday yule yule, na tabia zile zile, alifunga mabao 53 mahali pengine.

Ninavyoona mimi, Reading waligundua kwa bahati kitu ambacho leo klabu huajiri watu maalumu kukifanya: kwamba usajili wa mtu ni pamoja na usajili wa maisha yake ya Jumapili mpaka Ijumaa. Hawakukifanya vizuri. Mzee mmoja na meneja mmoja mwenye uvumilivu si mfumo, na ndiyo maana dawa zilipoingia kwa nguvu hapakuwa na wa kuzikabili. Siku hizi tungesema mtu yule alihitaji tiba tangu 1974, si nyumba yenye jirani. Hurley alimsaidia kucheza. Kuishi hakumsaidia, na pengine hakuwa na uwezo huo.

Cardiff hata hilo dogo hawakulinunua. Walichukua miguu, wakaacha nyuma kila kilichoishikilia miguu hiyo. Na Andrews alikuwa na dokezo lake stesheni, siku ya kwanza kabisa, kabla hata kijana hajavaa jezi. Mtu anayekuja kazini kwako kwa tiketi ya kusindikizia amekueleza kuhusu yeye mwenyewe mengi kuliko ripoti ya skauti.

Kuna upande wa pili ambao sitaki kuufukia. Labda Friday hakushindwa kitu alichokuwa anakitaka. Baada ya kuacha, mashabiki wa Reading wapatao 3,000 walitia saini ombi kwamba arudishwe. Meneja mpya, Maurice Evans, alizungumza naye. Inasimuliwa Evans alimwambia kwamba akitulia miaka mitatu au minne tu, ataichezea Uingereza. Friday akamuuliza ana umri gani. Evans akamtajia. Friday akasema yeye ana nusu ya miaka hiyo lakini ameishi mara mbili ya maisha yake.

Watu hulinukuu jibu hilo kwa kulisifu. Mimi kila nikilisoma nasikia pia mtu aliyechoka. Alirudi London akafanya kazi za lami na rangi, vibarua kama vile alivyokuwa akifanya kabla ya pauni 750. Miaka ya themanini alifungwa kwa kujifanya polisi ili apore watu dawa zao. Tarehe 22 Desemba 1990 alikutwa amefariki nyumbani kwake Acton, mshtuko wa moyo, na ilishukiwa heroini ilihusika. Miaka 38.

Mwaka 1999 mashabiki wa Reading walimpigia kura kuwa mchezaji wao wa milenia. Mwaka 2004, kwenye kura ya BBC ya vipenzi wa kila klabu, aliongoza kwa Reading, na aliongoza kwa Cardiff pia, ambako hakumaliza hata mwaka mmoja. Elm Park ilishavunjwa wakati huo. Pale mpira wa Tranmere ulipotulia kifuani sasa kuna nyumba za watu.